Mmoja Aliyekataa

Paja la nguruwe lilibaki limening'inia kwenye uzio wa makaburi, na Alwin Brandau akaendelea na njia mikono mitupu. Kamati ya klabu ya michezo ilikuwa imemkabidhi nyama hiyo asubuhi, katika mwaka ambao kijiji kizima cha Ellersrode kilikuwa kikigombania viazi vilivyooza, ampelekee Berthold Lilienfeld ili kumlainisha moyo. Alikuwa ameshafika nusu ya njia alipokumbuka kwamba Berthold ni Myahudi. Kamati nzima, na hakuna hata mmoja aliyewaza.

Shida yao ilikuwa moja. Wamarekani walivunja vilabu vyote baada ya vita, na ofisa wao mjini alisema klabu ya Ellersrode itapata leseni siku itakapomleta mwenyekiti ambaye hakuwahi kuwa na kadi ya Wanazi. Wakatafuta. Wafanya mazoezi ya viungo, wakimbiaji, wacheza mpira wa mikono, wanasoka: kadi wote walikuwa nazo. Aliyebaki safi ni yule waliyemfukuza wenyewe mwaka 1933, aliyerudi kutoka kambi ya mateso ya Wanazi peke yake, bila mke wala dada.

Kwa ajili ya klabu tu, Alwin asingethubutu kwenda. Alikwenda kwa ajili ya mwanawe, Heiner, aliyerudi kutoka vitani hasemi na mtu. Kutwa Heiner alisimama kando ya uwanja, ambao sasa ulikuwa shamba la kabichi, akitazama milingoti ya goli. Jumapili moja mpira wa matambara wa watoto ulibingirika hadi miguuni pake, akaurudisha kwa kisigino, akatabasamu. Alwin aliingia bandani akalia kama mtoto.

"Ingia basi, unaniingizia baridi," Berthold alisema mlangoni. Golikipa aliyekuwa akiliziba goli zima sasa alikuwa mifupa ndani ya koti.

"Nilikuwa nakuletea nyama, Bwana Lilienfeld. Nimeiacha njiani. Ilikuwa ya nguruwe."

"Bwana nani? Tangu lini mimi nikawa bwana kwako?" Berthold alicheka hadi akakohoa. "Miaka yote ile nakula soseji zenu kila baada ya mechi, leo ndio mnanitafutia dini! Umeiacha wapi?"

"Makaburini."

"Basi mbwa wa mchungaji keshashiba. Mjinga wewe. Keti."

Alwin alikaa, akaeleza alichotumwa. Alimtaja Heiner pia, ingawa hakuwa amekusudia. Kisha akaiweka fomu ya Mmarekani juu ya meza na kuinamisha kichwa, maana aliona aibu kumtazama.

Berthold hakuigusa.

"Mpira kwenye klabu hii niliuleta mimi," alisema. "Wazee wa mazoezi ya viungo waliniita mhuni, eti naleta mchezo wa Waingereza. Lakini waliniachia kona ya uwanja."

"Nakumbuka."

"Na siku ile unaikumbuka? Mlinitoa nje, kama desturi. Mwanachama anayejadiliwa hakai ndani. Nilisimama uani nikiwaona mnavyoingia, na hakukosekana mtu. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia mzee Trost, unamjua alivyokuwa, katiba ya klabu haachi hata nukta. Akatangaza: wanachama thelathini na mmoja, mikono ya kumfukuza thelathini."

Alwin alikaza macho kwenye fomu.

"Thelathini, Alwin. Kuna mmoja alikataa, mbele ya wale wanamgambo wa Nazi wenye mashati ya kahawia waliojipanga ukutani. Kule kambini nilikuwa nalala na huyo mtu kichwani. Leo namdhania huyu, kesho yule. Nilijiambia: kama yupo mmoja, basi nina pa kurudi. Watu waliniuliza kwa nini sikwenda Amerika. Nimerudi kwa ajili yake." Akamwinamia. "Wewe ulikuwa ndani. Nitajie jina tu, na nasaini."

Kwa muda mfupi jina lake mwenyewe lilimjia Alwin mdomoni. Alilimeza. Hakuwa mtu mwema, lakini hilo lilimshinda.

"Ewald Kreutz," alisema.

"Ewald! Yule winga mfupi?" Machozi yalimtiririka Berthold, naye hakuyafuta. "Na nilivyokuwa nikimtukana kwa krosi zake mbovu! Yuko wapi?"

"Alifia vitani, Urusi."

"Mama yake je?"

"Yu hai."

"Kesho nitakwenda kumshika mkono."

Akachukua kalamu na kusaini, taratibu, kama mtu anayelipa kitu kwa furaha. Alwin aliikunja fomu, akashukuru, akatoka.

Ruppert, mwoka mikate na katibu wa kamati, alikuwa akimsubiri kwenye kona huku akipiga miguu chini kwa baridi.

"Vipi, kasaini au kakutimua?"

"Kasaini. Alitaka kumjua mtu ambaye hakunyoosha mkono siku ile. Nimemwambia ni Ewald."

"Ewald?" Ruppert aliduwaa. "Ewald si ndiye aliyenyoosha wa kwanza! Wewe, siku ile tulinyoosha wote. Chumba kizima."

"Najua."

"Sasa huo mkono mmoja uliopungua ulikuwa wa nani?"

Alwin aligeuka kuangalia nyumba ile. Berthold alikuwa amesimama dirishani, akiwapungia mkono.

"Trost alihesabu kila mwanachama," alisema, "na mpaka kura ilipotangazwa, Berthold mwenyewe, pale uani, alikuwa bado mwanachama."