Mita Thelathini

Flashi iliwaka kabla mpiga picha hajagusa kamera. Nesi aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho alifumba macho, akacheka, akasema hakuwa tayari. Mpiga picha naye hakuwa tayari. Alikuwa bado anatafuta kitambaa cha kufutia lenzi, na kamera ilikuwa juu ya meza, hatua tatu kutoka alipokuwa.

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Mara ya kwanza alijiambia ni betri. Mara ya pili aliizima flashi, akaiwasha tena, akamwomba Mungu kimyakimya. Safari hii alitazama mlangoni.

Fundi cherehani wa chumba cha pili, shoga yake wa pekee mtaani, alikuwa na maelezo yake. "Ni marehemu mumeo huyo, anakukonyeza," alisema, pini zimemjaa mdomoni. "Mwambie asubiri, una wateja."

Mpiga picha hakucheka. Alifika mtaani pale miaka miwili nyuma akiwa na begi moja na kamera shingoni, akanunua kufuli kabla ya kununua kitanda. Shoga huyu ndiye aliyemuuliza habari za mume. Machozi yalimlengalenga, akashindwa kujibu, na mtaa mzima ukampa pole. Kabla ya hapo alikuwa amehama miji mitatu. Alikuwa amechoka kuhama, na hapa alitaka kubaki.

Kubaki kulihitaji kazi, na kazi ya maana ilikuwa imepatikana: vitambulisho vya wanafunzi wa shule mbili nzima. Kilichokosekana ni namna ya kuwasha flashi, maana waya wake wa zamani ulikuwa umekatika. Kamera yenyewe ilikuwa ya kampuni iliyokwisha kufungwa. Yeye na mumewe walinunua mbili zinazofanana, siku moja, duka moja, na tangu hapo hakuwahi kuona ya tatu. Kila triga aliyojaribu madukani, yaani kile kifaa cha kuwashia flashi bila waya, ilitengenezwa kwa ajili ya kamera za watu wengi. Nyingine hazikuingia kabisa. Nyingine ziliingia zikanyamaza. Wauzaji walimshauri anunue kamera nyingine, kana kwamba wanazungumzia ndala.

Mwishowe akaandika kwenye ukurasa wa wapiga picha mtandaoni. Hakuweka jina, aliweka aina ya kamera tu na shida yake. Jibu lilikuja siku ileile. Kulikuwa na mtu mwenye triga ya kamera hiyohiyo, naye alikuwa mstaarabu kupita kiasi: bei hakupandisha, alichouliza ni mji wa kutuma mzigo tu. Mpiga picha aliuchukua mwenyewe ofisi ya mizigo. Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi kilichochapwa: chaneli ya mawimbi imeshawekwa, asiibadilishe. Triga iliingia, flashi ikawaka, na siku hiyo alifagia studio huku akiimba.

Sasa nesi alipoondoka na picha zake, mpiga picha alichomoa kwenye boksi la triga karatasi ya maelekezo ambayo hakuwahi kuisoma. Aliisoma akiwa amesimama. Flashi haiwezi kujiwasha, iliandikwa. Ni lazima ibonyezwe triga ya aina yake, kwenye chaneli yake, ndani ya mita thelathini.

Alitazama nje. Mita thelathini zilifika kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, zikaishia kwenye benchi lake la wateja. Benchi lilikuwa tupu, na gazeti lilikuwa limeachwa wazi juu yake.

Flashi ikawaka mara ya nne.

Alianza kufungasha. Aliingiza kamera kwenye begi, nguo mbili, viatu, kisha akasimama, kwa sababu aliupenda mtaa huu na hakujua mwingine wa kwenda. Nje, cherehani ya shoga yake ilinyamaza. Sauti za watu zilisikika, kisha kicheko, kisha shoga akaita kwa furaha kutoka mlangoni.

"Shoga, toka basi, yule bwana aliyekuuzia triga ndiye huyu hapa. Mbona ulituacha tukupe pole bure? Mumeo mzima wa afya, nimemwambia apite tu."