Shali Isiyokuwamo Hifadhini

Kwa sheria ya sasa, bibi harusi huvaa mavazi ya karne ya kumi na nane yaliyothibitishwa na Hifadhi ya Mavazi mtandaoni. Sikupinga. Shule ya bweni ilinifundisha kutii sheria hata inaponikera. Tena nyumbani kwetu Siyu tulikuwa na shali ya hariri ya karne hiyohiyo, iliyovaliwa na kila bibi harusi wa ukoo.

Nilimvika shali hiyo binti yangu Raihani, aliyekaribia kuolewa, akasimama mbele ya kamera. Hifadhi ikajibu kwa adabu: "Vazi hili halikuwapo. Tunapendekeza gauni la Kifaransa lenye fremu ya kutanua nyonga."

"Halikuwapo vipi, nami ninaliona?" nilifoka.

"Baba, usigombane na mashine, utapandwa na presha," alisema Raihani. "Ila mlangoni nitapitaje na nyonga hizo? Ubavu-ubavu kama kaa?"

Nilituma picha tena, pamoja na maelezo yaliyopangika vizuri. Jibu likawa lilelile. Basi nikamwita mama yangu atoe ushahidi, kwani aliolewa akiwa amevaa shali hiyo.

Aliitazama skrini iliyoonyesha gauni la Kifaransa. "Mbona wahangaika, mwanangu? Mimi niliolewa nimevaa gauni hilo."

"Mama, tafadhali! Picha yako ile pale."

Tuliugeukia ukuta wa picha zetu za kidijitali, ambao Hifadhi huusahihisha kila asubuhi. Katika picha yake ya harusi, Mama alikuwa akitabasamu mlangoni petu, ubavu-ubavu, ndani ya gauni la Kifaransa.

Raihani akaivua shali, akaikunja, akanirudishia.