Visahani Saba

"Weka sahihi hapo, dada, watu wanasubiri ukumbini," mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa mbegu alisema, akimsogezea ripoti.

Mtaalamu wa magonjwa ya mimea alisoma mstari wa mwisho: alizeti inaozeshwa na kuvu ya aina moja, na mbegu mpya ya kituo inaihimili. Jina lake lilikuwa limeshachapwa chini.

"Si aina moja, mzee. Nimepima vinasaba vya kuvu kutoka mashamba yote. Aina ni saba, na mbegu yetu inahimili mbili tu."

"Hizo tano utaziandika mwakani. Mkulima atajuaje?"

"Atajua vichwa vya alizeti vikimvunjikia mkononi."

"Usijitie kichwa ngumu. Kazi nyingine utaipata wapi?"

Mtaalamu aliiacha kalamu mezani. Akapitia maabara, akabeba trei ya visahani saba vilivyofunikwa. Ndani kuvu ilikuwa imeota: moja nyeupe kama pamba, moja ya kijivu, moja yenye vipunje vyeusi. Alitembea haraka, visahani vikagongana njia nzima.

Ukumbini alivipanga mbele ya wakulima. "Mbegu mtakayopewa leo haiziwezi tano kati ya kuvu hizi," alisema. "Njooni mzitazame kabla hamjapanda."

Mkurugenzi, aliyemfuata mbiombio, akazima kipaza sauti.

Mama mmoja wa safu ya mbele alikuwa ameshasimama, miwani mkononi. "Hiyo ya kijivu ndiyo iliyonimalizia shamba," alisema. "Sema kwa nguvu, mwanangu, na wa nyuma wasikie."

Mtaalamu akapanda juu ya kiti, akaanza upya.