Kaburi la Mawe Mawili

Katapila lilizimwa kwa ishara ya mkono, na vumbi likachukua muda wake kutua. Katika njia yote ile ya barabara mpya, iliyopigwa chokaa kutoka Ibra kwenda chini ya jabali, lilibaki kaburi moja tu. Mwanamke aliyekuja kulidai alisimama ubavuni mwake na buibui lake.

"Ndilo hili, mama?" aliuliza Thabit.

"Ndilo," alisema Kaltham.

Thabit alikuwa kijana wa ofisi ya mambo ya kale, na kazi yake ilikuwa kulitangulia katapila, kila kaburi alitazame kabla halijaguswa. La Muislamu hufunguliwa kwa heshima, mifupa ikahamishiwa makaburi mapya kule juu. La watu wa kabla ya Uislamu hupimwa, hupigwa picha, na vilivyomo vikatiwa sandukuni kupelekwa Maskati. Watu wa mji walipewa mwezi mzima waje kuonyesha watu wao walipolala, maana makaburi ya huku hayaandikwi majina. Yale yasiyopata mwenyewe yalikwishahamishwa wiki iliyopita, mifupa yote ikazikwa pamoja katika shimo moja refu.

Kaltham alikuwa ametumwa. Khaloo Hamda, dada wa mama yake, alikuwa kipofu na hatoki kitandani, na haja yake duniani ilikuwa moja tu iliyobaki: azikwe ubavuni mwa dada yake. Asubuhi ile alimtegea kitendawili, kama kawaida yake. Nikimwita haitiki, nikimwacha haondoki. Kaltham akajibu, kaburi. Bi mkubwa akacheka kwa pua, akasema basi nenda kanihamishie, nisije nikalala na watu nisiowajua.

Wachimbaji wawili wakashika sepetu.

Miaka sita sasa, tangu alipokuja kutoka Unguja mwaka wa sabini na tatu, Kaltham alikuwa akifika hapa kila Ijumaa kusoma Yasini. Mara ya kwanza Khaloo alimwelekeza kwa mdomo tu: vuka mfereji, ushike ule mti wa miba, mama yako yuko kivulini. Akaenda, akakuta mawe mawili yamesimama, akakaa. Hakumwuliza mtu. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini ndivyo walivyokuwa wengi waliorudi, na hakuna aliyemshangaa.

Thabit alichutama. Akagusa jiwe la kwanza, akagusa la pili, kisha akapapasa mchanga wa katikati kama anayetafuta pete.

"Mama, kaburi la mwanamke huwekwa mawe matatu," alisema. "Mimi niliyezaliwa Bujumbura nilifundishwa siku ya kwanza kazini. Wewe binti wa Ibra hulijui hilo?"

Kaltham akasema aliondoka mdogo, wa miaka minane, mengi yamemtoka. Mchimbaji mmoja akamwambia mwenziwe, si kwa sauti ya chini sana, kwamba mjukuu wake ana miaka mitano na huyahesabu mawe hayo akichunga mbuzi.

Wakachimba. Kina cha mkono, sepetu ikagonga jiwe bapa. Thabit akawasogeza, akashuka mwenyewe na burashi.

Mtu alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, magoti kifuani, kibla amekipa mgongo. Mbele ya uso wake palikuwa na kibakuli cha jiwe laini kilichochorwa viduara. Wachimbaji wakaweka sepetu chini. Muislamu hazikwi na chombo.

"Huyu ana miaka elfu tatu na zaidi," alisema Thabit, sauti imemshuka kama aliyetumwa na habari ya msiba. "Si mama yako."

Kaltham alikitazama kile kibakuli. Alijaribu kusikiliza kifuani mwake kama kuna kitu. Hakusikia kitu.

Thabit akapanda juu, akajifuta mikono, akasema lililobaki. Kivuli kile kile kilikuwa na kaburi jingine, hatua kumi kutoka hapa, la mawe matatu. Halikuja kuonyeshwa na mtu. Walilihamisha wiki iliyopita pamoja na yasiyo na wenyewe, na mle shimoni kumtenga mmoja na wenziwe haiwezekani tena. Akasema pole, akairudia. Akamletea kiti, akamletea maji, akasimama pembeni kumngojea alie, maana alikwishawaona watu wakilia kwa machache kuliko haya.

Kaltham akayanywa maji, akamrudishia bilauri.

Nyumbani, Khaloo Hamda alivisikia viatu mlangoni, akauliza kama imekwisha.

"Imekwisha, Khaloo. Yuko juu, mahali pa upepo."

"Na nafasi yangu?"

"Ipo."

Bi mkubwa akamshukuru Mungu, kisha akamwita karibu. Akanyoosha mkono, akampapasa paji, akampapasa macho, akashuka mashavuni taratibu. Pote pakavu.

"Mbona hulii, mwanangu? Mama ni mama."

Kaltham mwenyewe angelia. Lakini Kaltham alikufa Unguja mwaka wa sitini na nne, kichwa chake mapajani mwa Radhia aliyekuwa akimpikia, na Radhia ndiye aliyesafiri kwa jina lake.