Herufi za Mjukuu

"Jina halitamkwi kabla ya siku ya nane, Mama, unajua," mkamwana alisema, akiinamia sinia la herufi. "Nitaziokota mwenyewe."

"Haya, okota," Serwaa alijibu, uso ameukunja. Kadi ya sherehe ya kumtoa mtoto nje kesho alfajiri ilikuwa mezani, imebaki jina tu. Bila shaka lingekuwa la bibi wa upande wa pili. Na nani angemlaumu binti huyu? Siku ya kwenda kuposa, Serwaa alikataa hata maji ya kwao.

Herufi zilikuwa zimekatwa kwa mashine ya mkono kutoka vipande vya kitenge, nyuzi zikichungulia pembeni. Mkamwana alilaza S kwenye kadi. Akalaza E, halafu R.

Serwaa aliiweka chini chupa ya gundi, akasogea karibu.

W ikafuata. Kisha A.

"A nyingine siioni, Mama."

Serwaa alifungua sanduku, akatoa kitambaa chake cha kente cha arusi ambacho hakijawahi kuguswa na mkasi, akakibana pembe chini ya bamba la kukatia A. Alishika mpini wa mashine, akauzungusha kwa nguvu zake zote, machozi yakimtiririka.

"Polepole, Mama," mkamwana alinong'ona. "Somo yako amelala."