Msamaha wa Mama Emérita

Gustave alijitupa kifudifudi katikati ya maharage, akafunika uso kwa kofia yake. Mama Emérita alikuwa anapita njiani.

Kwao Itebero, katika msitu wa Walikale, Gustave alikuwa mwindaji aliyesifika kwa kumfuata mnyama aliyejeruhiwa hadi ndani ya kichaka. Sasa alibaki pale chini bila kujitikisa, ingawa siafu alikuwa anampanda shingoni. Huku milimani Nyabiondo, mwanaume hatazamani uso kwa uso na mama mkwe wake.

Alikuwa amekuja kumfuata mke wake, Agathe. Mwaka ule wa 1953 Gustave alikuwa bado kijana wa sauti kubwa na maneno mengi. Siku moja, mbele ya wageni, Agathe alimkumbusha kwa upole kwamba yule nguruwe wa porini aliyekuwa akisimulia habari zake alikuwa mdogo zaidi juma lililopita. Wageni wakacheka. Gustave akaona haya, akamwambia mke wake kwamba kichwa chake ni kigumu kama cha mama yake.

Asubuhi Agathe alifunga nguo zake, akashika njia ndefu ya kurudi kwao.

"Miye nimeshamusamehe," alimwambia kaka yake Isidore, mkubwa wa familia. "Lakini alitukana mama. Mama njo atasema."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Aliyemtukana mama mkwe huleta zawadi, huitoa akiwa amegeuza kisogo, na mama huipokea kwa mkono wake mwenyewe. Asipoipokea, binti harudi kwa mume.

Gustave alianza na nyama ya nungu iliyokaushwa, ambayo alikuwa ameibeba mgongoni toka msituni. Alipiga magoti akitazama ukuta, akanyoosha mkono nyuma. Joséphine-Marie, mke wa Isidore, akamleta Mama Emérita amembeba. Ni yeye aliyemwosha kila siku, akampikia uji na kumlisha, wala hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika. Mama Emérita aliitazama ile nyama kwa muda mrefu.

"Hapana," akasema.

Ili kumpunguzia shemeji yake aibu, Isidore alieleza kwamba meno ya mama yalikuwa machache, na nyama ile ilikuwa ngumu kama mkanda. Basi juma lililofuata Gustave akaleta kitenge chekundu kutoka dukani. Mama Emérita alikivuta, akakitupa chini, akasema hapana tena, kisha akalia mpaka akapata kwikwi.

Jioni ile Gustave hakula. Alisema mbele ya Isidore kwamba bila Agathe nyumba yake ingekuwa kama kibanda cha mwindaji tu, mahali pa kulala mvua ikinyesha.

"Usikate tamaa, shemeji," Isidore akamwambia. "Mama iko vile. Wakati alikuwa musichana, alikataa wanaume mpaka baba yake akachoka. Kisha akatuzaa, akapoa, akakuwa muntu ya kucheka. Sasa amezunguka, amerudi pale alianzia."

"Na ile ya kucheka itarudia lini?"

"Labda kisha miaka makumi mbili."

Gustave akafikiri. "Basi nitangoja," akasema. "Nitazeekea hapa kwenu."

Akabaki. Alilima maharage ya Isidore, akapasua kuni, akateka hata maji, wanawake wa mtoni wakamuuliza kama amepata mimba. Joséphine-Marie alimwekea maji ya moto ya miguu kila jioni, akageuka kabla Gustave hajashukuru, asije akaona haya. Agathe hakusema naye neno, lakini maharage ya sahani yake yalikuwa na mafuta kuliko ya wengine wote. Na jioni moja, majirani walipomwomba hadithi ya yule nguruwe, Gustave alisema kwa sauti ndogo kwamba kweli alikuwa mdogo, tena aliyemkamata alikuwa mbwa. Agathe akainama haraka juu ya chungu.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, Gustave alikaa nyuma ya jiko akila ndizi mbivu iliyochomwa. Aliikuta imefunikwa na jani, naye hakuuliza imetoka kwa nani. Mara akasikia hatua nyuma yake, za polepole, zinazoyumba, na mkono ukipapasa ukuta. Alizijua hatua zile. Na pale hapakuwa na maharage ya kujifichia.

Akafumba macho, akageuza kisogo, akabaki ameinua ndizi yake hewani kama mtu aliyekamatwa na askari.

Ndizi ikavutwa. Akasikia mtu anatafuna kwa raha. Mkono wenye unyevu ukamshika begani, na kichwa kikaegemea mgongo wake.

Isidore alikuwa anarudi toka shambani. Akasimama na jembe lake. Agathe akatoka jikoni, sahani mkononi.

"Kaka Isidore," Gustave akanong'ona, macho bado yamefumbwa, "amepokea?"

"Amepokea," Isidore akasema. "Na anaomba ingine."

Agathe akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, halafu akaingia ndani kufunga nguo zake.

Joséphine-Marie akaja mbio toka mtoni. Alimwondoa mama mkwe wake taratibu mgongoni mwa Gustave, akamfuta mdomo, akaketi naye kivulini, akamnyonyesha. Alikuwa amemzaa binti huyu miezi michache baada ya kumzika mama yake Isidore, na jina akampa lile lile.