Kifaa Kisichotaka Karatasi

Karani alikishika kile kifaa kwa ncha za vidole viwili, kama anayemtoa panya aliyekufa ndani ya unga.

"Ndicho hiki? Mbona vibonye vina ukoko?"

"Vumbi tu hilo, shemeji," muuzaji akasema.

"Vumbi lina nywele?"

Mumewe, fundi wa majokofu, alijifanya hasikii. Wiki nzima alikuwa akikiota kifaa hicho cha GPS, kidogo cha kutosha kiganjani, kilichotumika lakini kizima.

Kwa miaka mitatu sasa fundi alikuwa kwenye mchezo wa kusaka makopo. Mtu anaficha kopo lenye daftari ndani, anatangaza mtandaoni namba za mahali pale pamoja na maelezo. Wengine wanalisaka, wakilipata wanaandika daftarini na kulirudisha. Majirani walishacheka mpaka wakachoka: mtu mzima na ndevu zake, anachungulia mitaro!

Vicheko vya majirani alivizoea. Kilichomtafuna ni kwamba, katika makopo hamsini na tatu aliyoyapata, hakuna hata moja alilolifikia wa kwanza. Kila akifungua daftari jipya, anakuta mstari wa juu umeshaandikwa: tarehe na saa, bila jina. Wenzake wakambatiza Wa Pili. Jumatatu lingetangazwa kopo la mia, na fundi alikuwa ameapa kwamba daftari la hilo atalikuta jeupe.

"Kinachokuchelewesha ni karatasi," muuzaji akamwambia. "Tangazo linatoka asubuhi. Wewe kompyuta huna, simu yako ni ya kupigia tu. Unangoja shemeji akuchapishie ofisini, akuletee jioni. Wenzako wameshafika, wameandika, wamerudi na kuoga. Hiki kinabeba yote: namba, maelezo, dokezo, mpaka maneno ya waliokutangulia. Tangazo likitoka nakupigia, unapita hapa, nakuwekea, huyo unaondoka. Karatasi hata moja hutaki."

"Na kile cha njano?" karani akauliza.

"Kile ni cha wenye nacho. Halafu kuna hiki cheusi, kipya na rahisi, lakini kinakuonyesha nukta tu. Maelezo utajua mwenyewe."

Karani aliurudia mkanda wa kile kilichotumika, akaunusa, akakunja uso wote.

"Unanuka kwapa. Tena kwapa la marehemu."

"Mwenyewe yu hai, shemeji! Kahama tu."

"Kahama, kwapa kaliacha."

"Mama, nitakisafisha kwa spiriti," fundi akajaribu.

"Kama ulivyonisafishia meza? Muuzaji, hebu sikia. Huyu karudi na konokono mfukoni, konokono katambaa mpaka kwenye kikombe cha mama yangu mzazi. Mama kashaweka mdomo! Suruali zake nazichovya majini kwa kijiti. Soksi zake sizitaji, nimetoka kula." Akakisukuma kifaa mbali. "Kuna mtu mwenye akili zake anayetia mkono kwenye shimo asilolijua?"

"Yupo," fundi akasema kwa uchungu. "Tena ananitangulia kila mara. Saa saba na robo, saa saba na dakika ishirini, jua la utosi! Hana kazi yule. Mzururaji tu."

"Au kazi anayo, ila hachezei muda," karani akasema, huku akifuta vidole kwa karatasi laini, kimoja baada ya kingine.

Muuzaji akacheka peke yake. Fundi akarudisha macho kwenye kile kifaa chenye ukoko. Mkono ulishaanza kwenda mfukoni.

Hapo karani akalegeza sauti.

"Baba, chukua hicho cheusi. Kiko ndani ya boksi lake, hakijakumbatiwa na jasho la mtu. Namba utaziingiza mwenyewe, maelezo nitakuchapishia mimi, kama siku zote. Kwani nimewahi kukuangusha?"

Fundi alimtazama. Hajawahi. Miaka mitatu, mvua inyeshe, jua liwake, karatasi zake zinafika jioni zimenyooka, zimebanwa pini pembeni. Na huyu ni mwanamke ambaye akiona nzi kwenye sahani anaacha kula siku mbili. Akaona aibu kumlazimisha alale chumba kimoja na kwapa la watu.

"Nifungie cheusi," akamwambia muuzaji.

"Wa Pili utabaki Wa Pili," muuzaji akamnong'oneza, akachukua boksi.

Jumatatu saa nne asubuhi, tangazo la kopo la mia likatoka. Karani akachapisha kurasa mbili, akazinyoosha, akazibana pini. Akazisoma. Akazisoma tena. Wenzake walipoondoka kwenda kula, akavua viatu vya ofisini, akavuta vingine chini ya meza.

Kalvati lililotajwa kwenye tangazo, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lilikuwa nyuma ya machinjio. Harufu yake ilianza barabarani, na maji yaliyotoka humo yalikuwa na povu la rangi ya nyongo. Karani akapiga magoti kwenye tope jeusi, akapandisha mkono wa blauzi hadi begani na kuuzamisha wote ndani ya shimo. Kitu chenye utelezi kikampita katikati ya vidole. Hakushtuka. Akavuta kopo, akapangusa funza kwa kiganja kitupu, akafungua daftari. Jeupe.

Akatazama saa. Akaandika tarehe kwenye mstari wa juu, kisha saa saba na dakika kumi na mbili, akalirudisha kopo shimoni, akatoa simu.

"Baba? Karatasi zako tayari. Jioni nakuletea."